Kabla Ng'ombe Hawajapelekwa Mnadani

Sirari, Tarime

Mwanangu Mwita,

Picha za karatasi za kazi ya Dubai ulizonitumia kwa simu nimezipata zote. Nilizisoma usiku ule ule, kesho yake nikaenda kuzichapisha ili nizisome vizuri, na baba yako alipokuja Jumapili tulizipitia pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Amenieleza pia habari ya ng'ombe: kwamba wakala aliyekuahidi kazi hiyo anataka shilingi milioni nne na nusu kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba yeye mwenyewe ameshachagua wale wa kupeleka mnadani, wakiwemo wawili wa mahari ya dada yako. Nimemwomba asiwaguse mpaka uwe umeisoma barua hii. Amekubali.

Sikuandikii kukukataza kuondoka. Kijana mwenye cheti cha hoteli, aliyezoea wageni kambini huko Serengeti, anayeamka alfajiri kuandaa chai ya watalii kabla jua halijatoka Ikoma, ana haki ya kutafuta mshahara mkubwa zaidi popote pale. Ukoo wetu haujawahi kukaa mahali pamoja. Nusu ya ndugu zetu wako ng'ambo ya mpaka, Isebania na Kehancha, na babu yako alifika mbali zaidi ya hapo. Neno nililo nalo ni moja tu, na ningependa ulishike hata mengine ukiyasahau: kibali cha kazi huombwa na mwajiri, kwa gharama yake, na ruhusa ya kuingia kwa kazi hutoka kabla hujapanda ndege. Mtu anayekuambia utangulie wewe na kibali kitafuata, hajakutafutia kazi bado. Anakuuzia safari.

Jambo hili umeshaliona kwa macho yako, Mwita. Ulinisimulia mwenyewe habari za mpishi mkuu mliyeletewa kutoka Kenya, jinsi meneja alivyohangaika kwa ajili yake kabla hajagusa sufuria. Hiyo haikuwa hiari ya meneja. Ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kambi ndiyo iliyopeleka maombi kwa Kamishna wa Kazi, ikaeleza kwa nini Mtanzania wa kushika nafasi ile hakupatikana, ikaonyesha mpango wa kumfundisha mwenyeji atakayeichukua baadaye, ikalipa. Kibali chake kina jina lake, jina la kambi na cheo chake. Ni cha miezi 24, kinaweza kuongezwa, lakini jumla yake ina kikomo. Tena hicho ni kibali cha kazi tu. Cha ukaazi hutoka Uhamiaji, ni karatasi nyingine. Akitaka kuhamia kambi ya jirani, hata kama ni upande wa pili wa korongo, maombi yanaanza upya. Wataalamu wa kigeni walioko mgodini North Mara, pale Nyamongo, nao hupita njia hiyo hiyo.

Sasa jiweke wewe mahali pa mpishi yule. Ukienda Dubai, wewe ndiye mgeni. Wewe ndiye unayepaswa kuhangaikiwa. Ukiona mambo yamegeuka, mgeni ndiye anayehangaika na kulipa huku mwajiri hajulikani aliko, uliza kulikoni.

Katika Falme za Kiarabu, ambako Dubai imo, utaratibu wao haujafichika. Mwajiri huanza kwa Wizara ya Rasilimali Watu ya huko, ambayo humpa ruhusa ya kuleta mtu wa kazi fulani. Hukuletea ofa ya kazi iliyo katika fomu ya wizara, wewe unaisoma na kuitia saini ukiwa bado huku nyumbani. Ndipo hutolewa ruhusa ya kuingia nchini kwa ajili ya kazi, yenye jina lako, jina la kampuni na aina ya kazi. Ukishafika hupimwa afya, huchukuliwa alama za vidole, hupewa kitambulisho chao cha mkazi, na mkataba husajiliwa. Kibali cha kawaida ni cha miaka miwili. Sheria yao ya kazi namba 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kuzungukazunguka. Inamkataza pia kushikilia hati zake. Kwa hiyo hata kwa sheria ya nchi unayokwenda, zile milioni nne na nusu hazina pa kukaa.

Turudi kwenye karatasi zako. Mimi nimefanya uwakala wa forodha hapa mpakani karibu maisha yangu yote ya kazi, na kazi ile hukufundisha kusoma karatasi kuanzia chini kwenda juu: mhuri kwanza, saini, tarehe, halafu ndiyo maneno. Barua ya ofa ina jina la hoteli juu, lakini mhuri wa chini ni wa kampuni ya biashara ya jumla. Anuani ya barua pepe ni ya bure, ya aina ambayo hata wewe unaweza kuifungua leo jioni. Kazi imeandikwa "mhudumu wa ukarimu", neno linaloweza kuwa jikoni, vyumbani, mlangoni au kwenye ghala. Hakuna jina la mtaa, hakuna namba ya leseni ya kampuni, hakuna saa za kazi. Mshahara ni dirhamu 1,800, basi; haikuelezwa ngapi ni mshahara wa msingi na ngapi ni posho.

Hilo la mwisho vijana wengi hulipita, na ni la fedha nyingi. Kwa sheria yao, mtu akimaliza kazi baada ya mwaka mmoja au zaidi hupewa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka wa ile miaka mitano ya mwanzo, na hesabu hufanywa kwa mshahara wa msingi peke yake. Kama msingi wako ni 1,800, mwaka mmoja ni dirhamu 1,260. Kama wameandika msingi 600 na zilizobaki wakaziita posho, mwaka huo huo ni dirhamu 420. Kila mwezi utapokea kiasi kile kile, hutaona tofauti yoyote, mpaka siku ya kuondoka.

Kisha ile karatasi ambayo wakala amekutumia kama ushahidi, viza ya kijana aliyetangulia, jina likiwa limefunikwa kwa wino. Sina sababu ya kusema ni ya kughushi. Nimeiangalia kwa kioo cha kukuza na naamini ni halali kabisa. Lakini ni viza ya mtalii ya siku 60, ya kuingia mara moja. Hapo ndipo ninapotaka utulie na ufikiri, kwa sababu watu wengi hudhani kutapeliwa ni kupewa karatasi ya uongo. Karatasi inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isiwe ya kazi. Kijana yule aliruhusiwa kwenda kutembea Dubai. Hakuruhusiwa kufanya kazi hata ya saa moja.

Wakala atakujibu kwamba viza hubadilishwa ukishafika. Ni kweli, wapo waliobadilishiwa. Sheria za huko zinaruhusu mtu aliyeingia kwa matembezi kupata mwajiri na kuhamishiwa kwenye viza ya kazi bila kutoka. Sitakuficha hilo. Ila angalia mzigo unakaa kwa nani wakati wa kusubiri. Siku 60 zikiisha na mwajiri hajatokea, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku unayozidisha. Nauli ya kurudi ni yako. Ukipewa kazi ya kujishikiza bila kibali, huna mkataba wa kupeleka wizarani siku utakaponyimwa mshahara, kwa sababu ukienda kushitaki unaanza kwa kujishitaki mwenyewe. Mwaka 2024 Falme hizo zilipandisha faini kwa mwajiri anayemtumikisha mtu asiye na kibali, sasa ni kati ya dirhamu 100,000 na milioni moja. Unaweza kufikiri faini hiyo inamlinda mfanyakazi. Mimi naiona pia kwa upande mwingine: mwajiri mwenye akili hatamgusa mtu wa viza ya utalii, na atakayekubali kukugusa ni yule anayekuficha.

Kuna jambo la zamani ambalo baba yako halikumbuki vizuri kwa kuwa alikuwa mdogo, kwa hiyo nakuandikia mimi. Babu yako alivuka mpaka huu akiwa kijana wa umri wako, akafika mashamba ya chai ya Kericho. Jioni alikuwa akitusimulia habari za kipande. Kenya ya wakoloni ilitunga sheria ya kuwasajili wenyeji mwaka 1915, ikaanza kutumika hasa baada ya ile Vita ya Kwanza ya Dunia kwisha. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kutembea na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara wake, siku aliyoanza na siku aliyoacha kazi. Karatasi ilitiwa kwenye kikopo cha bati, kikopo kikavaliwa shingoni kwa kamba. Bwana asipotia saini kwamba amekuachia, hakuna bwana mwingine aliyeweza kukuandika kazi kihalali, na ukiondoka hivyo hivyo ulihesabiwa mtoro, polisi wanakutafuta. Babu yako alisema kuchuma chai alikuzoea upesi, lakini kile kikopo hakukizoea mpaka alipokivua.

Nimekukumbusha hayo kwa sababu kibali cha nchi za Ghuba kina ukoo na kipande. Wenyewe wanauita utaratibu wa kafala: mgeni huwa chini ya mdhamini wake, na ruhusa yako ya kuishi nchini inashikamana na kazi uliyoandikiwa. Kwa miaka mingi hukuweza kuhama bila barua ya mwajiri kwamba hana pingamizi. Mambo yamelegezwa. Qatar iliondoa sharti la barua hiyo mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikaanza kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, na juu yake 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri havitoi mwenyewe. Oman nayo iliacha kudai barua hiyo kwa anayemaliza mkataba, kuanzia Januari 2021. Ni hatua njema na walioipigania wana haki ya kusifiwa. Lakini kazi ikivunjika, kibali kinavunjika, na muda wako wa kukaa unaanza kuhesabiwa. Ndiyo maana nakusisitizia kulijua jina la mwajiri kabla ya mshahara, kabla ya picha za ghorofa, kabla ya kitu kingine chochote. Utakuwa umefungwa kwa jina hilo miaka miwili. Je, ni hoteli, au ni kampuni ya kukodisha watu inayokupeleka leo hotelini na kesho kwenye ghala la vifaa? Kampuni za namna hiyo zipo kihalali, sizikatai. Ila ujue mapema kwamba hoteli si mwajiri wako.

Nimesikia pia kwamba wakala huyo huyo anawatafuta wasichana wa kazi za ndani wa kupeleka Oman, na amemuulizia binamu yako wa Gamasara. Mwambie binamu yako anipigie simu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walinyang'anywa pasipoti. Wapo waliofanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Msichana aliye ndani ya nyumba ya watu hana mwenzake wa kumwona, hana zamu, hana mlango wa kutokea bila kuulizwa. Kwa hiyo kwake mkataba unahitaji uangalifu maradufu ya wako. Binti akienda, ubalozi wetu Muscat uwe umeshauona mkataba wake, na sisi huku tuwe na jina la nyumba, mtaa na namba ya mwajiri. Hilo silegezi.

Sasa mambo ya hapa nyumbani, maana hata mwajiri mwema akitokea kesho, wewe bado hujajiandaa. Jina lako ni tatizo. Kitambulisho cha NIDA kinasema Nyamohanga. Cheti cha kidato cha nne kinasema Nyamhanga. Cheti cha hoteli kimefuata kile cha kidato cha nne. Kwetu sisi ni jina lile lile, mwalimu aliandika alivyosikia, na nusu ya watu wa Tarime wana taabu hiyo: Ghati na Gati, Bhoke na Boke, Rhobi na Robi. Lakini mashine ya ofisi ya watu haijui Kikuria. Herufi moja ikipungua, vyeti vinakuwa vya mtu mwingine, na maombi ya kibali yanarudishwa. Amua jina moja, kisha karatasi zote zilifuate. Nenda kwa wakili Tarime mjini ukaape kiapo cha majina, waulize NIDA kama kinatosha au wanataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, ulimalize hilo kabla ya pasipoti. Ukiomba pasipoti kwanza, utakuwa umelisafirisha kosa.

Cheti cha kuzaliwa huna, najua, kwa sababu ulizaliwa nyumbani siku ambayo mto ulikuwa umejaa na hakuna aliyeweza kufika hospitali. RITA huandikisha hata watu wazima, kwa njia ya wilaya; utahitaji ushahidi wa shule na wa wazazi, na mimi nitakuandikia wangu. Pasipoti ni Sh 150,000, inadumu miaka 10. Maombi hujazwa kwa mtandao, kisha unaenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Musoma, na karatasi zako halisi. Usimpe mtu fedha ya kukujazia fomu. Njoo hapa tutajaza wote. Polisi watakupa cheti cha tabia njema baada ya kuchukua alama za vidole.

Jambo la afya nalitenga peke yake. Falme za Kiarabu huwapima wageni wote wanaoomba ukaazi, hasa HIV na kifua kikuu, na anayekutwa na HIV au kifua kikuu kinachoambukiza hunyimwa ukaazi na kurudishwa kwao. Ukiuza ng'ombe leo na ukajua hali yako Dubai, utakuwa umepoteza vyote viwili kwa siku moja. Nenda hospitali ukapime huku huku kabla ya kulipa chochote. Majibu ni yako, hata mimi si lazima uniambie. Ikiwa kuna lolote, dawa za HIV na za kifua kikuu hutolewa bure hapa kwetu na mtu anaishi miaka yake yote akifanya kazi.

Uliniuliza kwa nini nisikutafutie Kenya, ambako tuna ndugu na ambako hoteli za Maasai Mara zinaangaliana na zenu. Ni wazo zuri kuliko unavyolidhania, kwa sababu mwajiri wa Narok unaweza kwenda kumwona uso kwa uso. Ila usidanganywe na udugu wetu na watu wa ng'ambo. Raia wa Afrika Mashariki huruhusiwa kuingia na kukaa kwa matembezi hadi miezi sita, na vijana wa hapa Sirari wengi hudhani mhuri huo ni wa kazi. Nimewaona wakirudishwa. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza tarehe 1 Julai 2010, inampa mfanyakazi haki ya kuomba kibali katika nchi mwanachama kwa aina za kazi ambazo nchi hiyo ilikubali kuzifungua. Ukishapata mkataba wa zaidi ya siku 90 unapaswa kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi, na mamlaka inapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Mkataba ulioandikwa ndio unaoanza. Viongozi wetu wametamka mengi mazuri. Kenyatta, aliyekuwa Rais wa Kenya wakati huo, alisema hadharani mwezi Mei 2021, Rais Samia akiwa mgeni wake Nairobi, kwamba Watanzania wanaokwenda kufanya biashara Kenya wasisumbuliwe na vibali. Tuliokuwa mpakani tulifurahi. Lakini ofisa wa zamu hapokei hotuba, anapokea karatasi. Kama unataka njia hiyo, niandikie, ninao watu wa kuwauliza Migori.

Kuhusu wakala, sitaki umtukane wala umwite tapeli. Huenda naye ameajiriwa na mtu asiyemjua. Muulize mambo matatu, kwa maandishi, si kwa kupiga simu. Kwanza, akutumie namba ya usajili wake. Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999 inamtaka wakala binafsi wa ajira awe na usajili, na ofisi ya serikali ya huduma za ajira inaweza kukuthibitishia kama anatambulika. Pili, akutumie ofa iliyo kwenye fomu ya wizara ya kule, yenye jina la kampuni na namba yake, na mshahara wa msingi ukiwa umetengwa na posho. Tukiipata, ubalozi wetu mdogo wa Dubai upo, tutawaandikia waitazame kabla hujatia saini. Tatu, aeleze milioni nne na nusu ni za nini, kila shilingi na kazi yake. Pasipoti nimekwisha kukutajia bei yake. Nauli ya ndege tunaweza kuiuliza wenyewe. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada yoyote, kwa uwazi wala kwa mafumbo. Mlipaji ni anayetafuta mtu wa kumfanyia kazi. Akikwambia utume fedha kwa namba ya simu yenye jina la mtu mwingine, ishia hapo.

Atakuharakisha. Atasema nafasi ni tano na nne zimekwisha. Hoteli iliyo tayari kumgharamia mtu viza, vipimo na kitambulisho inaweza kumsubiri wiki mbili asome mkataba.

Kuhusu ng'ombe nimezungumza na baba yako kama mkubwa wake, na sasa nazungumza nawe. Wale wawili wa mahari wametoka kwa dada yako, na wana njia yao: ndio watakaokuolea wewe, au mdogo wako. Wakienda Dubai kwa jina la viza ya matembezi, na wewe ukarudi mikono mitupu, utakuwa na deni kwa dada yako ambalo hakuna atakayekudai kwa mdomo, na nyumbani hutakaa kwa raha. Nimeona vijana wanaobaki Dar es Salaam miaka kwa sababu ya deni la namna hiyo. Hawafanyi kazi yoyote ya maana pale, wanaona haya kupanda basi la Tarime. Mimi sitaki uwe mmoja wao. Ukipata kibali cha kweli, gharama zitakazobaki kwako ni pasipoti, vyeti, vipimo na fedha kidogo ya kujikimu mwezi wa kwanza. Hizo mimi na baba yako tunaweza kuzipata bila kwenda mnadani, na nimeshamwambia nitachangia nusu.

Umesema likizo yako inaanza mwisho wa mwezi. Panda gari la Mugumu la alfajiri, ushuke Tarime, usije Sirari kwanza. Nitakuwa nakungoja kwa wakili tumalize kiapo cha majina siku hiyo hiyo. Njoo na vyeti halisi, si nakala, pamoja na kadi ya kliniki kama mama yako bado anayo kwenye lile sanduku, kwa sababu RITA wataipenda. Jumatatu inayofuata tutaanza na wilaya. Na tangu leo mpaka siku hiyo usimtumie wakala hata elfu kumi ya kushikia nafasi. Akikupigia, mwambie umetuma maswali na unangoja majibu ya maandishi, kisha unitumie alichoandika kama kilivyo.



Ni mimi, baba yako mkubwa.